Kati ya Tumbo na Utumbo

Kiswahili kina tumbo na kina utumbo, lakini mgonjwa akifika kwa daktari hutumia lile la kwanza kwa yote mawili. "Tumbo linanisumbua." Kwa mtu ambaye utumbo wake mpana umevimba na kuchubuka kwa muda mrefu, maneno hayo mawili yanaweza kumpotezea miaka. Akisema ana vidonda vya tumbo atapewa dawa za kupunguza asidi, kwa kuwa jina hilo lilishakabidhiwa vidonda vya mfuko wa chakula. Akiwa na homa atapimwa homa ya matumbo, tena mara nyingi kwa kipimo cha Widal, ambacho majibu yake hupotosha. Akitaja damu ataambiwa ni ameba, au bawasiri. Kila jina lina dawa yake dukani, na dawa ya ameba ni rahisi kuinunua tena na tena.

Ugonjwa wenyewe unakuja kwa sura mbili: kolaitisi ya vidonda, na ugonjwa wa Crohn, ambao Burrill Crohn na wenzake wawili wa New York waliueleza mwaka 1932. Katika yote mawili kinga ya mwili huushambulia utumbo. Tunauitaje? Wengi husema "uvimbe wa utumbo", na hapo ndipo ninapopinga. Kwetu uvimbe ni neno la saratani pia. Mgonjwa akilisikia huaga dunia moyoni kabla hajaelezwa lolote. Kitenzi kingefaa zaidi: utumbo unavimba, unachubuka, unatoa damu. Neno sugu, kwa maana ya ugonjwa wa kudumu, nalo lina mtego wake. Tumezoea malaria sugu, ile isiyosikia dawa. Basi anayeambiwa ana ugonjwa sugu anaweza kuelewa kwamba dawa hazina kazi, akaziacha, ilhali alikusudiwa kuambiwa azitumie kwa miaka mingi.

Linalonitia hofu zaidi ni kifua kikuu cha utumbo. Jina lataja kifua, maradhi yako tumboni, na mgonjwa asiyekohoa huona hayamhusu. Lakini kifua kikuu hicho na ugonjwa wa Crohn hufanana sana, hata kwa macho ya bingwa, na dawa za kutuliza kinga anazopewa mgonjwa wa Crohn zinaweza kukichochea kifua kikuu. Kuvitenganisha kunahitaji kipimo cha kamera, kisha kuchukua kinyama na kukipeleka kwa mtaalamu wa kukisoma. Nchini Tanzania huduma hiyo hutafutwa katika hospitali kubwa kama Muhimbili au Bugando, na anayetoka wilayani hulipa nauli na malazi kabla ya kipimo. Dawa za sindano za kutuliza kinga, kama infliksimabu, ambazo hutunzwa kwenye jokofu, bei yake inawashinda wengi.

Nauli na bei ni kazi ya serikali na bima. Istilahi ni kazi yetu, na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na wanatiba wakae pamoja waipange. Wewe msomaji, ukiona damu chooni usingoje wala usione haya kulitaja neno choo. Sema ni damu, sema imeanza lini, sema umetumia dawa gani. Kama umetibiwa ameba na hali imerudi, omba rufaa ya kipimo cha kamera.