Maji Yetu ya Katanga, Jana na Leo

Mtu akiuliza ni nini kilichouzaa mji wa Lubumbashi, wengi wetu tutamjibu upesi: shaba. Jibu hilo ni la kweli, lakini si kweli yote. Shaba ilikuwamo ardhini tangu kale. Wazee wetu waliichimba na kuiyeyusha kabla Wazungu hawajafika, wakafanya misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha. Lakini mji mkubwa haukusimama penye shaba peke yake. Ulisimama mahali ambapo shaba ilikutana na mto. Hata leo mji wenyewe unaitwa kwa jina la mto, wala hauitwi kwa jina la mgodi.

Basi, wasomaji wapenzi, twataka kueleza kwa kifupi jinsi maji yalivyotumiwa na kugawanywa katika nchi yetu tangu mwanzo wa mji huu. Labda hapo tutaelewa kwa nini, katika nchi ya mito mingi hivi, mama wa Lubumbashi anaamka saa tisa ya usiku kwenda kupanga bidoni yake mbele ya robine.

Posho ya mwaka katika miezi sita

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Lubumbashi iko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mvua huanza mwezi wa Oktoba au Novemba, nayo hukoma Machi au Aprili. Kwa mwaka huanguka kadiri ya milimita 1,200. Maana yake, kama maji yote ya mwaka yangesimama pale yalipoangukia, yangemfika mtu mzima kifuani. Ziko nchi nyingi za Afrika ambazo zingefurahi kupata nusu yake.

Lakini tangu Mei hata Septemba mbingu hufungwa. Huu ndio wakati wa kiangazi, ambao wengi hapa kwetu huuita kipwa. Majani hukauka, moshi wa mioto ya porini hulifunika jua, vijito vingine hukatika, na maji ya visima hushuka siku kwa siku. Basi shida yetu si kwamba tumenyimwa mvua. Shida ni kwamba posho ya miezi kumi na miwili tunaipokea katika miezi sita. Mfanyakazi apataye mshahara wake na kuumaliza kwa siku kumi hawezi kusema kwamba hakulipwa. Alilipwa, ila hakufanya hesabu. Na nchi ya namna hii haiwezi kuishi vema bila hesabu.

Tanuru ilihesabiwa kwanza

Mwaka wa 1910 reli kutoka kusini ilifika huku, na mji ukaanzishwa chini ya Bwana Emile Wangermée. Ukapewa jina la Elisabethville, kwa heshima ya malkia wa Ubelgiji. Jina la Lubumbashi lilikuja mwaka wa 1966. Mgodi wa karibu, Etoile, ulikuwa mbali kidogo na mto. Lakini kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka wa 1906, ilijenga tanuru yake kando ya mto Lubumbashi. Sababu moja kubwa ilikuwa maji. Tanuru ya namna ile ilikuwa na kuta mbili za chuma, na katikati yake maji yalipita mchana na usiku, ili ukuta usiyeyuke pamoja na mawe ya shaba. Maji yakikatika, tanuru yaharibika. Mwezi wa Juni 1911 shaba ya kwanza ikamiminwa.

Hatusemi haya kwa kulaumu tu. Wahandisi wale walifanya jambo la akili. Walipima tanuru yahitaji maji kiasi gani, wakayatafuta, ndipo wakawasha moto. Lakini kwa watu hesabu haikufanywa kwa haki namna hiyo. Nyumba za Wazungu zililetewa maji ndani. Katika kambi za wafanyakazi na katika mitaa ya watu weusi kama Kamalondo, watu wengi walikusanyika penye robine moja ya wote. Tarehe 30 Desemba 1939 serikali ya kikoloni iliunda Regideso, shirika la kugawa maji na umeme katika Kongo na Ruanda-Urundi. Miaka ya 1950 mitaa ya Katuba na Ruashi ikajengwa, na mabomba yakasogea mbele kidogo kidogo. Wakati wa uhuru, mwaka wa 1960, watu wa mji hawakufika laki tatu. Leo hukadiriwa kuwa zaidi ya milioni mbili. Mji umekimbia, bomba limetembea.

Ukuta wa Mwadingusha

Lakini iko kazi nyingine ya zamani inayotufundisha zaidi. Kwenye mto Lufira, ng'ambo ya Likasi, palikuwa na maporomoko yaliyoitwa Cornet. Leo twapaita Mwadingusha. Viwanda vya shaba vilitaka umeme, na umeme hautaki kungoja mvua. Basi ukajengwa ukuta wa kuuzuia mto, na mwaka wa 1930 mashine zikaanza kuzunguka. Maji yakarudi nyuma, yakafunika bonde, likawa ziwa. Ndilo ziwa Tshangalele, ambalo wavuvi wake huwalisha samaki watu wa Likasi na Lubumbashi. Mwaka wa 1950 ukafuata ukuta wa Koni, chini ya Mwadingusha. Kisha, katika miaka hiyo hiyo ya 1950, Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba.

Tutafakari kidogo maana ya ukuta ule. Maji ya Januari, ambayo yangalikwenda zake, yanawekwa akiba ili yafanye kazi mwezi wa Septemba. Hivyo, tangu mwaka wa 1930 imejulikana wazi katika nchi hii kwamba kiangazi chaweza kushindwa kwa hesabu na kwa akiba. Ujuzi ulikuwapo. Fedha zilikuwapo. Lakini akiba ile iliwekwa kwa ajili ya shaba, na mwananchi akapata makombo yake.

Tena, maji na umeme ni kama mapacha. Maji ya mto hufanya umeme, na umeme huvuta maji ya kunywa kutoka ardhini. Pale Kimilolo, Regideso huvuta maji yaliyo chini katika miamba ya chokaa. Umeme ukikatika, pampu husimama, na robine ya Katuba hukauka hata kama chini ya ardhi maji ni tele. Kwa hiyo mtu anayepanga maji bila kupanga umeme ni kama fundi anayejenga nyumba na kusahau mlango.

Mikoa minne, maji mamoja

Sasa tuifuate njia ya maji yenyewe. Mto Lubumbashi huingia Kafubu, na Kafubu huingia Luapula, ulio mpaka wetu na Zambia. Luapula huingia ziwa Mweru, na kutoka humo maji huitwa Luvua. Upande mwingine, Lufira yatoka Likasi na Mwadingusha, ikashuka hata maziwa ya Upemba, na huko yaungana na Lualaba itokayo Kolwezi. Mwisho wake Luvua na Lualaba hukutana Ankoro. Maana yake ni hii: maji yaliyopita Lubumbashi na maji yaliyopita Likasi na Kolwezi hukutana tena, mbali sana, mbele ya mvuvi wa Ankoro. Kila kilichotupwa humo njiani, naye hukipata sehemu.

Mwaka wa 2015 mkoa wa Katanga uligawanywa kuwa mikoa minne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Mipaka ilichorwa, magavana wakapatikana, lakini mto hausomi ramani. Mwaka huo huo, tarehe 31 Desemba, ikatolewa sheria ya maji ya nchi yote. Sheria hiyo iliondoa haki ya Regideso kuwa mgawaji peke yake, ikaipa mikoa kazi kubwa katika kuwapatia watu maji, ikataka pia maji yaangaliwe kwa kufuata bonde zima la mto. Katiba ya mwaka wa 2006, katika kifungu cha 48, ilikuwa imekwisha kusema kwamba kupata maji ya kunywa ni haki ya raia. Maneno yapo basi, tena ni maneno mazuri. Linalotakiwa sasa ni kuyatia katika kazi, mikoa yote minne pamoja, si kila mmoja kwa kipimo chake.

Tunayoyaona leo

Maana watu hawakungoja. Bomba lisipofika, kila mwenye kiwanja amechimba kisima uani. Mwenye fedha amechimba foraji ndefu, akafunga tangi juu ya mnara, akawauzia jirani. Hatuwezi kumlaumu mtu anayetafuta maji ya watoto wake. Lakini viwanja ni vidogo, na kisima kifupi mara nyingi kiko hatua chache tu kutoka choo cha jirani. Mvua zinapoanza, uchafu hushuka pamoja na maji. Kipindupindu kilituingilia mwaka wa 2008, kikaturudia kwa ukali mwaka wa 2013, na waliozikwa wengi walikuwa watu wa mitaa isiyo na bomba. Kazi ya kutengeneza mabomba ilianza tena kwa msaada wa Benki ya Dunia, iliyokubali mwishoni mwa mwaka wa 2008 kutoa dola milioni 190 kwa Kinshasa, Lubumbashi na Matadi. Ilikuwa msaada mkubwa, lakini mitaa mipya huzaliwa kila mwaka.

Tuutazame na mgodi. Mgodi mrefu hauchimbwi bila kutoa maji ya chini. Pale Kipushi, mwaka wa 2011, pampu ziliposhindwa, maji yaliujaza mgodi hata ndani kabisa, na kuyatoa kulichukua miaka. Basi tazameni ajabu hii: katika nchi moja, huku maji hutolewa ardhini yapate kutupwa kwa kuwa ni adui wa kazi, na huku mama anayatafuta usiku. Je, nani anaandika katika daftari moja maji yatolewayo na mgodi, maji yavutwayo na foraji, na maji yahitajiwayo na mtaa?

Zaidi ya hayo kuna uchafu wa madini. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitangaza mwaka wa 2009 kwamba watu wakaao karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikuwa na kobalti nyingi sana katika mkojo wao. Na mwezi wa Novemba 2025 bwawa la maji machafu ya kiwanda kimoja lilipasuka hapa mjini. Maji hayo yakaingia katika mitaa ya watu, hata serikali ikasimamisha kazi za kiwanda hicho. Maji yakimwagika hayazoleki. Na maji yenye sumu yakimwagika, hata kisima cha jirani hakiaminiki tena.

Mwisho, mvua yenyewe haiaminiki kama zamani. Masika ya 2023 na 2024 yalikuwa mabaya katika nchi za kusini, na mwezi wa Februari 2024 Zambia ilitangaza kwamba ukame ule ni msiba wa taifa. Sisi tunaokula bukari ya mahindi mengi yanayotoka kwao tunajua kwamba ukame wa jirani hauishii mpakani.

Yafaa tufanye nini?

Kupanga maji si kujenga mabomba tu. Ni kujibu maswali manne. Maji yetu ni kiasi gani, katika masika na katika kiangazi? Nani huyatumia, naye huchukua ngapi? Kiangazi kikizidi, nani atapunguziwa kwanza na nani hatapunguziwa kabisa? Na anayechafua atalipa nini? Mkoa usioweza kujibu maswali hayo hauna mpango, hata ukiwa na karatasi nyingi.

Nasi tusingoje wakubwa peke yao. Mtaa waweza kuhesabu visima vyake na kupima umbali wa kila kisima na choo. Waweza kuchagua watu waaminifu wa kulinda robine ya wote na kuandika fedha zake, mapato na matumizi. Waweza kuacha kukata miti penye chemchemi. Miti ya pori letu imekatwa mbali sana kwa ajili ya makala, na ardhi iliyo uchi haishiki mvua: maji hukimbia juu yake, na kisima hakipati kitu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mwaka wa 1911 watu walikaa chini wakapima maji ya kuipoza tanuru, kwa sababu walijua kwamba tanuru bila maji itakufa. Tanuru ile ilihesabiwa lita zake kabla haijawashwa. Mtoto wa Katuba, wa Kipushi na wa Ankoro naye akihesabiwa zake kabla ya kiangazi kuanza, tutakuwa tumejifunza kitu kutoka historia yetu.