Sumaku na Baridi Kali

Msomaji, ikiwa kwenu ni Roret, katika nchi ya majani ya chai, huenda umepata kumwona mtaalamu wa mifugo akija na mtungi wake kumpandisha ng'ombe kwa mrija. Aufunguapo, mvuke mweupe hufuka. Ndani mna naitrojeni iliyogeuzwa maji, yenye baridi ya digrii 196 chini ya sifuri, ihifadhiyo mbegu za fahali. Maji hayo yana sehemu yake katika historia ya sumaku.

Mwaka 1911, mjini Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes aliipoza zebaki hata digrii 269 chini ya sifuri, umeme ukapita ndani yake pasipo kizuizi chochote. Alitumaini kutengeneza sumaku kubwa kwa ajabu hiyo. Lakini kila nguvu ya sumaku ilipoongezeka, ajabu ilitoweka. Baadaye zilipatikana aloi zenye kustahimili, ambazo hata leo hutumika katika mashine za hospitali zipigazo picha za ndani ya mwili. Hata hivyo, zilihitaji heli iliyogeuzwa maji, nayo ni ghali.

Mwaka 1986, huko Uswisi, Georg Bednorz na Alex Müller waliiona ajabu hiyo katika kitu cha jamii ya kauri, pasipo baridi kali kama ile ya kwanza. Mwaka uliofuata, huko Marekani, ilipatikana kauri iliyofanya hivyo kwenye digrii 180 chini ya sifuri. Basi naitrojeni, ipatikanayo katika hewa tuivutayo, ikatosha!

Lakini kauri huvunjika kama chungu. Utaizungushaje iwe koili? Wataalamu waliipaka, tabaka nyembamba mno, juu ya utepe wa chuma. Septemba 2021, huko Massachusetts, koili yenye kilomita 267 za utepe huo ilipozwa hata digrii 253 chini ya sifuri, kwa maana katika baridi zaidi utepe hubeba umeme mwingi zaidi. Ikafikia tesla 20, nguvu ya kuzuia gesi yenye moto wa kuunganisha viini vya atomu.

Je, walitosheka? La. Walikatiza umeme ghafula kwa makusudi, na sehemu ndogo ya koili ikayeyuka. Hasara hiyo iliwafunza jinsi ya kuirekebisha. Kumbuka, msomaji: kasoro ionekanayo katika majaribio ni nafuu kuliko ile ijifichayo mpaka siku ya kazi.