Mali bila Daftari: Hakimiliki ya Wachangiaji katika Programu Huria

Mwaka jana nilitafsiri kwa Kiswahili vifungu mia mbili vya programu moja huria, jioni baada ya masomo, katika chumba cha kompyuta hapa Buyenzi. Nilipotaka kuvituma, wenye mradi walinitaka kwanza nitie saini hati ya kuwahamishia hakimiliki ya kazi yangu yote, ile niliyokwisha kuifanya na ile nitakayoifanya baadaye. Sikutia saini. Nilirudi nyumbani nikijiuliza desturi hii ilianzia wapi, na iliwafikisha wapi waliotutangulia.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi, na leseni yake inamruhusu kila mtu kuitumia, kuisoma, kuibadili na kuigawa. Wengi hudhani kwamba haina mwenyewe. Si kweli: leseni hupata nguvu kutokana na hakimiliki. Mradi wenye wachangiaji mia moja una wenye mali mia moja, isipokuwa wamekubaliana vingine.

Mwaka 1985 Richard Stallman alikuwa akigawa kihariri chake, GNU Emacs, ambacho baadhi ya sehemu zake zilitoka katika Emacs ya James Gosling. Gosling alikuwa ameuza haki zake kwa kampuni ya UniPress, nayo ikamtaka Stallman aache kuzigawa. Ilimbidi aandike upya sehemu hizo. Shirika aliloanzisha mwaka huohuo, Free Software Foundation, likawa likiwataka wachangiaji wa programu zake kuu kulihamishia hakimiliki kwa maandishi, ili liweze kuitetea leseni mahakamani. Nalo liliahidi, kwa maandishi vilevile, kwamba kazi hiyo itabaki huria.

Kampuni nazo ziliiga utaratibu huo kwa sababu zao. Mwaka 1999 Sun Microsystems ilinunua kampuni ya Kijerumani ya Star Division, na mwaka 2000 ikaufungua msimbo wake kwa jina la OpenOffice.org. Mchangiaji wa msimbo alitakiwa kutia saini mkataba wa hakimiliki ya pamoja: yeye alibaki na haki zake, na Sun ikapata haki zilezile. Kwa hiyo Sun iliweza kuuza StarOffice, iliyojengwa juu ya msimbo uleule, kwa leseni ya kibiashara. Mchangiaji hakuwa na uwezo huo juu ya msimbo wa wenzake.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoingia. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice yenye menyu za Kiswahili. Kazi ya namna hiyo ni ya jasho: kabla ya kutafsiri amri moja, sharti pawe na istilahi moja itakayotumika kila mahali. Tena si kazi ya kunakili tu. Mkataba wa Berne unailinda tafsiri kama unavyolinda kazi asilia, bila kuathiri haki ya mtunzi wa kwanza.

Januari 2010 Oracle iliinunua Sun, na haki zote zikaifuata. Septemba mwaka huo kundi la wachangiaji likajitenga, likaanzisha The Document Foundation na programu ya LibreOffice, ambamo kila mchangiaji hubaki na hakimiliki yake. Juni 2011 Oracle iliikabidhi OpenOffice kwa Apache Software Foundation, chini ya leseni inayoruhusu msimbo kutumika hata ndani ya programu iliyofungwa. Haikuhitaji kumwomba ruhusa kila aliyetia saini mkataba wa Sun, kwa kuwa ruhusa ilikwisha kutolewa siku ya saini.

Je, basi kuhamisha ni kosa? Linux haijawahi kudai kuhamishiwa hakimiliki. Tangu 2004 mchangiaji huthibitisha tu, kwa mstari mmoja wenye jina lake, kwamba ana haki ya kutoa alichokitoa. Faida yake ni kwamba hakuna anayeweza kuiuza Linux yote. Hasara yake ni kwamba kubadili leseni, hata kwa sababu njema, karibu hakuwezekani, maana wenye mali ni maelfu. Mwaka 2021 hata mradi wa GCC, mtoto wa Free Software Foundation, uliacha kulifanya hilo kuwa sharti.

Maoni yangu ni kwamba tofauti kati ya Stallman na Sun haikuwa katika saini, bali katika ahadi. Yule aliahidi kwamba kazi itabaki huria. Huyu alijiachia mlango wa biashara, na mlango huo ukarithiwa na mnunuzi. Niliisoma tena hati yangu. Kurasa tatu zinaeleza ninachotoa. Hakuna mstari hata mmoja unaosema nitakachoahidiwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nimewaandikia wenye mradi nikiomba kifungu kimoja kiongezwe, kwamba tafsiri hii itabaki huria hata mradi ukiuzwa. Wakikubali, nitatia saini siku hiyohiyo. Wasipokubali, nitawapa leseni ya kuitumia, na umiliki utabaki kwangu.