Ndoto ya Coleridge na Kalamu ya Mchana

Wasomaji wenzangu, kisa hiki wengi wetu tumekisikia, kama si darasani basi bwenini. Mwaka 1797 Samuel Taylor Coleridge, akiwa mgonjwa katika nyumba ya shambani huko Uingereza, alimeza kasumba (ile kasumba yenyewe, afyuni, si hii ya kikoloni tunayoilaani kila semina). Akasinzia kitini akisoma kitabu cha Purchas, na kwa muda wa saa tatu hivi za usingizi akatunga mistari isiyopungua 200. Kuamka tu, kalamu mkononi. Mara hodi! Mtu kutoka Porlock ana shughuli naye. Mgeni alipoondoka, shairi lilikuwa limeyeyuka. Tulichorithi ni mistari 54 ya Kubla Khan.

Tamu kweli. Ila msimulizi ni Coleridge mwenyewe, katika dibaji ya 1816, miaka 19 baadaye. Mwaka 1934 ulionyeshwa hadharani mswada wa mkono wake, ambao leo umo British Library, London. Chini yake ameeleza kwamba alikunywa kasumba kuzuia kuhara, akaingia katika hali ya kuzubaa. Kwamba mistari mingine ilipotea anakiri, lakini yule mgeni mgomvi hayumo! Tena mlima anaouimba msichana wa Kihabeshi ni Amara, mlima wa Uhabeshi unaosimuliwa katika vitabu vya kale vya safari. Kwenye chapa ya 1816 umegeuka Abora, jina ambalo wahakiki bado wanalibishania.

Je, mzee alitudanganya? Mimi sifiki huko. Mwaka 1927 John Livingston Lowes, katika The Road to Xanadu, alizifuatilia taswira za Coleridge moja moja hadi kwenye vitabu alivyosoma. Usingizi, basi, haukumshushia kitu kipya. Ulimkutanishia mfalme wa Kimongolia na binti wa Kihabeshi ndani ya shairi moja, jambo ambalo akili ya mchana ingeliona wazimu. Hiyo ndiyo nguvu yake, na si mchezo. Kisha mtunzi akaamka akafuta, akabadili.

Kuna mwenzangu bwenini, mshairi eti, anayelala na daftari chini ya mto akingoja kushushiwa. Daftari sina ugomvi nalo, hata mimi ninalo. Nilichomwuliza ni kitabu gani alikisoma kabla ya kulala.