Breka inashuka kila ukiipandisha? Hivi ndivyo unavyoitafuta shoti nyumbani

Jirani ana umeme, LUKU yako ina yuniti, lakini kwako ni giza. Unafungua meni swichi, unakuta breka imeshuka. Unaipandisha, "tap", inashuka tena.

Hapo wengi huanza kubahatisha: mmoja analaumu friji, mwingine anailaumu TANESCO, wa tatu anakwenda dukani kununua breka kubwa zaidi. Shoti haitafutwi kwa kubahatisha. Inatafutwa kwa kuigawa nyumba vipande vipande mpaka ibaki sehemu moja tu.

Shoti ni nini hasa?

Umeme wa nyumbani ni volti 230. Unaingia kwa waya wa moto, unapita kwenye kifaa, unarudi kwa nyutro. Kifaa ndicho kinachoubana. Pasi ya wati 1,000 inapitisha ampia 4 na kidogo tu.

Waya wa moto ukigusana na nyutro bila kifaa katikati, hakuna cha kuubana. Ampia mamia zinaweza kupita kwa mara moja. Waya unapata moto, plastiki inayeyuka, na kilicho karibu, iwe godoro, mbao za dari au gunia, kinaweza kuwaka. Breka inakata kabla hayajafika huko. Kwa hiyo breka inayoshuka mara nyingi si mbovu. Inakupa taarifa.

Kwa nini hutokea sana huku kwetu?

Kwa miaka mingi Kibondo na Kasulu zilitegemea jenereta za dizeli, mpaka gridi ya taifa ilipoanza kufika mwaka 2022. Nyumba iliyofungwa waya enzi za taa tatu na redio leo inabeba friji, pasi na jiko la umeme.

Halafu kuna panya. Ukihifadhi mahindi na maharage ndani, panya wanakuja, na wakipanda darini wanatafuna waya. Kuna mvua pia: bati likivuja, maji yanaingia kwenye holda na maungio. Na usisahau msumari wa kutundikia picha uliopigwa juu ya soketi, mahali ambapo waya unapita.

Kwanza, jua tatizo lako ni lipi

- Breka inashuka papo hapo ukiipandisha: hiyo ni shoti.
- Inashuka baada ya dakika kadhaa, vifaa vingi vikiwa vinatumika: umezidisha mzigo. Punguza vifaa.
- Inayoshuka ni ile yenye kitufe cha T: umeme unavuja kwenda ardhini, mara nyingi kwa sababu ya unyevu au kifaa kibovu kama birika. Hiyo ndiyo inayokinga mtu asipigwe na umeme. Usiiruke hata siku moja.

Hatua za kuitafuta

Vaa viatu, simama pakavu, mikono iwe mikavu. Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua au ukiona moshi, zima meni swichi na uishie hapo. Mwite fundi.

1. Chomoa kila kitu kwenye soketi, hata chaja ya simu. Zima swichi zote za taa.

2. Shusha breka zote ndogo, kisha washa meni swichi. Ikikataa hapo hapo, tatizo liko kwenye meni yenyewe au kwenye nyutro. Hiyo si kazi yako.

3. Ikishika, pandisha breka ndogo moja moja. Itakayoshuka ndiyo yenye shoti. Iache chini. Nyumba iliyobaki inaweza kuendelea kupata umeme.

4. Kama zote zimeshika, shoti iko kwenye kifaa au kwenye taa. Chomeka vifaa kimoja kimoja, kisha washa taa moja moja. Kile kitakachoangusha breka, kiweke pembeni.

5. Kama breka moja ya soketi inakataa huku vifaa vyote vimechomolewa, shoti iko ndani ya ukuta au kwenye soketi. Ikiwa ni breka ya taa na swichi zote zimezimwa, tazama darini na kwenye maboksi ya maungio.

Kuanzia hapa ni kazi ya fundi. Atazima meni swichi, atafungua soketi ya katikati, atatenganisha waya na kupima kila upande. Upande ulio mzima anauacha, wenye shoti anaugawa tena. Kwa njia hiyo nyumba ya soketi nane inapatikana jibu kwa vipimo vitatu hivi, bila kubomoa ukuta wote. Mwambie ulichokigundua kwenye hatua ya 3, utampunguzia kazi na wewe gharama.

Usifanye haya

- Usipandishe breka mara tano ukitumaini itashika. Kila mara unauchoma waya palepale.
- Usiweke breka kubwa kuliko waya. Waya wa milimita 1.5 ni wa taa, na breka yake ni ampia 6 au 10. Ukiweka ya 32, waya utaungua kabla breka haijashtuka.
- Usibadili fyuzi kwa kipande cha waya au msumari.
- Usifungue soketi kwa kushusha breka ndogo tu. Zima meni swichi.
- Usiguse mita wala waya unaotoka kwenye nguzo.

Na wenye sola je?

Betri ya volti 12 haikupigi kama umeme wa gridi, lakini shoti yake inaweza kuchoma nyumba vilevile, kwa sababu betri inaweza kutoa ampia nyingi kwa mara moja. Fyuzi ikae karibu kabisa na upande chanya wa betri. Kutafuta shoti ni njia ileile: chomoa zote, rudisha moja moja.

Ukimwita fundi

Mwombe leseni ya EWURA. Anayekuja na breka kubwa bila kipimo mkononi, mrudishe. Hitilafu ya kwenye mita au nguzo ripoti TANESCO, namba 180. Moto ukishika, toa watu nje kwanza, kisha piga Zimamoto, 114. Usimwage maji kwenye moto wa umeme ambao haujazimwa.

Usiku wa leo, kabla ya kulala, fungua meni swichi yako na uandike juu ya kila breka inahudumia wapi: "taa", "soketi sebuleni", "jiko". Siku shoti ikija gizani, maandishi hayo ndiyo yatakayokuongoza.