Walimu Wetu wa Kwanza katika Chuo Kikuu cha Berlin

Tunapozungumzia historia ya kufundishwa kwa Kiswahili katika vyuo vikuu, aghalabu huanzia Dar es Salaam mwaka 1970, Idara ya Kiswahili ilipoanzishwa na mihadhara ikaanza kutolewa kwa Kiswahili chenyewe. Mwaka huo wastahili heshima yake. Hata hivyo, takriban miaka 80 kabla ya hapo Waswahili walikwisha kuajiriwa na chuo kikuu ili waifundishe lugha yao, tena mbali na kwao, katika mji wa Berlin. Habari zao hazisimuliwi sana madarasani, na sisi tulioshika kazi hiyohiyo twapaswa kuzijua.

Mwaka 1887 kilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Berlin chuo cha lugha za Mashariki, na mkuu wake alikuwa Eduard Sachau, bingwa wa Kiarabu. Shabaha yake haikufichwa. Dola ya Kijerumani ilikuwa imeanza kunyakua nchi za Afrika, nayo ilihitaji wakalimani, maofisa na wafanyabiashara wenye kuzijua lugha za wenyeji. Kiswahili kikapewa nafasi ya mbele. Nasi wa Burundi na Rwanda tusidhani kwamba jambo hilo halituhusu, kwani nchi zetu zilitiwa katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, na Kiswahili kikawa lugha ya amri na barua katika boma la Usumbura. Baadhi ya waliokuja kututawala walijifunza salamu zao za kwanza katika madarasa hayo ya Berlin.

Utaratibu wa kuajiri walimu ulikuwa huu: kila lugha iliwekewa Mjerumani wa kufundisha sarufi, na chini yake mzawa wa lugha aliyeitwa Lektor. Asili ya neno hilo ni msomaji. Kazi yake ilikuwa kuwatamkisha wanafunzi, kuzungumza nao na kuwazoeza barua zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani wa kwanza wa somo la Kiswahili alikuwa C. G. Büttner, mmisionari ambaye miaka yake ya Afrika aliipitisha kwa Waherero, kusini-magharibi mwa bara, mbali kabisa na pwani yetu. Msaidizi wake katika miaka ya mwanzo ya 1890 alikuwa Amur bin Nasur, mtu wa Unguja, aliyezaliwa ndani ya lugha hiyo. Asiyejua alikuwa mwalimu, ajuaye akawa msaidizi. Sina haja ya kulipamba jambo hilo kwa maneno mengi. Haki moja lakini nimpe Büttner: katika mkusanyiko wake wa maandishi ya Kiswahili uliotoka mwaka 1894, alitia habari alizoandika Amur mwenyewe juu ya Ulaya na maajabu aliyoyaona huko.

Mashuhuri kuliko wote ni Mtoro bin Mwinyi Bakari. Alizaliwa karibu na Bagamoyo yapata mwaka 1869, akasoma elimu ya dini, akasafiri bara, na kwa muda akawa mtoza kodi wa serikali. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kushika nafasi ya Lektor. Wakati huo Mjerumani wa somo alikuwa Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali huko Dar es Salaam, na ambaye Kiswahili alikijua barabara. Kutokana na kazi yao kilitoka mwaka 1903 kitabu Desturi za Wasuaheli, ambacho hakuna mwalimu wa utamaduni awezaye kukipita. Mna uzazi na malezi, jando na unyago, ngoma, ndoa, mazishi, utumwa na misafara ya bara. Sehemu kubwa ni ya kalamu ya Mtoro. Kwenye ukurasa wa mbele, hata hivyo, lilichapwa jina la Velten kama mkusanyaji. Ilipita miaka mingi hadi mwaka 1981, ilipotoka tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, ndipo Mtoro alipotajwa katika anwani ya kitabu pamoja na Waswahili wengine walioandika. Yeye alikwisha kufa tangu mwaka 1927.

Ndani ya darasa mambo hayakuwa mepesi. Wanafunzi wake walikuwa watu waliojiandaa kwenda kutawala, na baadhi yao waliona uchungu kusahihishwa na mtu mweusi. Mtoro alidai heshima impasayo mwalimu. Kila mmoja wetu aliyewahi kusimama mbele ya darasa lisilomtaka anaelewa uzito wa dai hilo. Lakini sisi twaweza kumwendea mkuu wa shule, naye alikuwa na nani? Mwaka 1904 alimwoa Mjerumani, Bertha Hilske, na mwaka uliofuata aliiacha kazi ya Berlin akaabiri meli pamoja na mkewe kurejea kwao. Walipofika Dar es Salaam, serikali ya koloni ilimkataza mke huyo kushuka. Ulikuwa mwaka uleule wa kuanza kwa Vita vya Majimaji, na watawala hawakutaka mwanamke wa Kizungu aonekane katika nyumba ya Mwafrika. Wakarudi Ujerumani wote wawili. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Mtoro alifanya kazi Hamburg, chini ya Carl Meinhof, mtaalamu wa lugha za Kibantu, angali msaidizi. Alifia Berlin.

Mwenye kudhani kwamba cheo cha msaidizi kilikwisha na ukoloni, na atazame leo. Vijana wa Kenya na Tanzania wenye shahada huchukuliwa na vyuo vya Marekani kufundisha Kiswahili kwa mwaka mmoja wa masomo, kisha hurejeshwa makwao. Heshima wanayopewa haifanani na ile ya siku za Mtoro, na wengi hufaidika kwa masomo. Ila swali la nani ajengewe kazi ya kudumu, na nani awe sauti ya kutamkisha tu, lingali pale.

Wa mwisho nimtajaye ni Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1904, ambaye akiwa mtoto alitumikia jeshi la Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ya askari ambayo yeye na baba yake hawakulipwa, akakataliwa. Akawa mhudumu katika mkahawa, akaigiza katika filamu, na tangu mwaka 1931 akafundisha Kiswahili katika chuo kilekile cha Amur na Mtoro. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo polisi na watu waliotumaini kwamba Ujerumani ingerudishiwa makoloni. Aliondoka chuoni mwaka 1941. Katika mwaka huohuo alikamatwa kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa katika kambi ya Sachsenhausen, akafa humo tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka 2007 jiwe dogo la kumbukumbu lilitiwa katika njia ya miguu ya Brunnenstraße, mbele ya nyumba aliyokaa.