Momonyoka, meguka, poromoka

Msimu wa mvua, kando ya mto Ntahangwa jijini Bujumbura, Burundi, watu wa mitaa ya Asiatique na Buyenzi hulia na ardhi. Katika kusimulia yanayoipata ardhi hiyo, vitenzi vitatu huchanganywa, na kuvichanganya kuna hatari.

Udongo unaochukuliwa na maji kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, unamomonyoka. Ukingo wa mto unaokatika vipande unameguka. Mteremko mzima ukiachia ghafla, ukashuka na mawe na miti yake, huo umeporomoka. Ndivyo ilivyokuwa Gitaza, kwenye barabara ya Bujumbura na Rumonge, Machi 2015; ndivyo ilivyokuwa Nyempundu, Cibitoke, Desemba 2019. Hata kwenye milima ya Alps, barani Ulaya, jua la baada ya baridi kali likilowesha theluji, huwa poromoko la theluji. Kitenzi hakibadiliki, maana hapo pia kilicholowa hulegea na kuachia.

Mmomonyoko hukupa muda wa kupanda miti na kujenga kuta za mawe. Poromoko halikupi muda. Kwa hiyo anayepita milima ya Mumirwa, magharibi mwa Burundi, baada ya mvua ya siku nyingi atazame nyufa mpya, miti iliyoinama na chemchemi iliyogeuka tope. Akiziona, arudi, na awaonye wengine.

Ndugu msomaji, ukipiga kelele ya kuonya, usiseme tu "mvua imeharibu." Sema: "Mlima unaporomoka!" Anayesikia aelewe kwamba hapaswi kukimbilia bondeni, bali pembeni, mbali na njia ya udongo.